Nani Anahesabu Moshi wa Amalemba?

Jioni katika mtaa wa Amalemba, mjini Kakamega, nyumba moja ya kupanga huweza kuwasha mioto ya aina tatu. Chai inachemka juu ya mtungi wa gesi wa kilo sita. Maharagwe yako nje ya mlango kwenye jiko la makaa, maana hukaa motoni saa mbili au zaidi na hakuna mpangaji anayetaka gesi yake iishie humo. Pembeni kuna mzigo mdogo wa kuni au chupa ya mafuta ya taa, akiba ya ile wiki ambayo mtungi umekauka na mshahara bado. Kwa mama wa nyumba hiyo, hiyo ni bajeti tu. Kwa mwanauchumi wa nishati ni mtihani: nyumba hii inatoa tani ngapi za hewa ya ukaa kwa mwaka, na zitapungua kwa kiasi gani serikali ikipandisha kodi, au mradi fulani ukileta jiko jipya?

Mtihani huo una pesa ndani yake. Majibu yake ndiyo yanayoandikwa katika ahadi ambazo Kenya hupeleka Umoja wa Mataifa, yanayotumika kutetea au kupinga ushuru wa gesi bungeni, yanayoamua kama mtambo wa umeme utajengwa, na yanayouzwa Ulaya na Marekani kama krediti za kaboni, yaani vyeti vya tani zilizoepushwa. Yote hupita katika kitu kinachoitwa modeli.

Modeli ya nishati na tabianchi si ya ajabu kama jina linavyotisha. Ni mkusanyo wa hesabu ndani ya kompyuta. Unaiambia nchi ina watu wangapi na wanaongezeka kwa kasi gani, wanapata kiasi gani, mafuta yanauzwa bei gani, nani anapikia nini, na kila kilo ya kuni au lita ya dizeli inapoungua hutoa gesi joto kiasi gani. Kisha unaiendesha mara mbili. Mara ya kwanza mambo yakiachwa yalivyo, mara ya pili sera au mradi ukiwekwa. Tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo faida ya sera.

Hapo ndipo penye ugomvi wote. Kati ya dunia hizo mbili, moja haitatokea kamwe. Ukigawa majiko, hutaweza kuona Kakamega isiyogawiwa majiko. Unaweza kuikisia tu. Na anayelipwa kwa ukubwa wa tofauti ana sababu nzuri ya kuikisia dunia hiyo ya kwanza kuwa mbaya kupindukia. Mlevi anayemwambia mkewe kwamba leo ameokoa shilingi elfu mbili, kwa sababu alikusudia kunywa chupa nane na amekunywa nne, anatumia mbinu hiyo hiyo, na mkewe ana haki ya kuuliza hizo nane zilitoka wapi.

Kakamega ni mahali pazuri pa kuuliza swali la huyo mke, kwa kuwa biashara ya kupunguza hewa ya ukaa imefika hapa mapema na kwa sura zaidi ya moja. Mashariki mwa mji uko Msitu wa Kakamega, uliotangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1933, kilomita za mraba 240 hivi, mabaki pekee nchini Kenya ya aina ya msitu wa mvua unaotandaa Kongo. Vijiji vinavyouzunguka vimesongamana watu, na kuni nyingi za vijiji hivyo hutoka humo. Mtu yeyote aliyetafuta mahali pa kuonyesha kwamba jiko bora huokoa miti, alikuwa na sababu ya kuja hapa.

Jiko lenyewe lilikuwepo tayari. Katika miaka ya 1980, wakati jiko la makaa lenye kauri ndani lilipokuwa linaenea mijini, Wizara ya Nishati, Wajerumani wa GTZ na chama cha Maendeleo ya Wanawake walisukuma jiko la kuni la vijijini: kauri ya udongo iliyofinyangwa kama pipa fupi, ikajengewa kwa matope na mawe jikoni. Wengine waliliita jiko la Maendeleo, wengine jiko kisasa. Miaka ya 1990 vikundi vya akina mama wafinyanzi wa magharibi mwa Kenya walilitengeneza na kuliuza kwa jina Upesi. Linatumia kuni pungufu kwa karibu nusu likilinganishwa na mafiga matatu, ingawa nusu hiyo hutegemea sana mpishi, kuni zake na kama kauri bado haijapasuka.

Kisha ikaja kampuni ya Eco2librium, yenye asili ya Boise katika jimbo la Idaho, Marekani, ikaanza kusambaza majiko ya aina hiyo katika vijiji vya eneo la msitu chini ya kanuni za Gold Standard, chombo cha Uswisi kinachothibitisha krediti za kaboni. Shirika la myclimate, la Uswisi vilevile, likawa miongoni mwa waliowapelekea wanunuzi wa Ulaya tani za Kakamega. Abiria anayepanda ndege Zurich aliweza kulipa kiasi kidogo ili moshi wa safari yake ufidiwe na moshi uliopungua jikoni kwa Mluhya asiyemfahamu.

Hesabu ya kubadilisha jiko kuwa tani ni fupi, na inafaa kila mtu aione mara moja maishani. Tuchukue nyumba ya mfano inayochoma tani tatu za kuni kwa mwaka. Jiko jipya linaokoa asilimia 40, yaani tani 1.2. Kila tani ya kuni ikiungua hutoa takriban tani 1.75 za hewa ya ukaa, hivyo tumeepusha tani 2.1. Bado hatujamaliza. Mti ukikatwa na mwingine ukaota mahali pake, hewa ya ukaa iliyotoka jikoni hurudi ndani ya mti mchanga na hesabu ya anga inakuwa sufuri. Kwa hiyo tani 2.1 huzidishwa kwa sehemu ya kuni ambayo haioti tena, ile inayokula mtaji wa msitu badala ya riba yake.

Sehemu hiyo ni ngapi? Chini ya utaratibu wa krediti wa Itifaki ya Kyoto, mkataba wa kimataifa wa kupunguza gesi joto, Kenya iliwahi kuidhinishiwa kiwango cha asilimia 92. Yaani katika kila vijiti kumi vinavyochomwa nchini, tisa vilidhaniwa kutoka kwenye miti isiyorudi. Ukiweka asilimia 92, nyumba yetu ya mfano inapata karibu tani 1.93 za kuuza kwa mwaka. Mwaka 2015, watafiti Rob Bailis, Rudi Drigo, Adrian Ghilardi na Omar Masera walichapisha katika jarida la Nature Climate Change uchunguzi uliotumia ramani za miti, watu na barabara kwa ukanda wote wa joto. Waliona kwamba kati ya asilimia 27 na 34 tu ya kuni zilizovunwa mwaka 2009 zilizidi uwezo wa miti kujirudisha. Afrika Mashariki ilikuwa miongoni mwa maeneo yenye hali mbaya, lakini si kwa asilimia 92 kila mahali. Weka asilimia 30, na tani 1.93 zinakuwa 0.63.

Jiko halijabadilika hata kidogo. Kuni ni zile zile, mama ni yule yule. Kilichobadilika ni namba moja, na theluthi mbili ya bidhaa imeyeyuka.

Mtu aliyeishi vijiji vya Shinyalu au Ikolomani angeweza kuwatilia shaka wenye asilimia 92 bila kompyuta. Nje ya msitu, mashamba ya Kakamega yamejaa mikaratusi iliyopandwa ili iuzwe, na ua wa miti ambao wenyeji hukata matawi yake na kuuacha uchipue. Kuni za namna hiyo zinarudi. Zile zinazobebwa kichwani kutoka msitu wa serikali ni suala jingine, na hata hapo kuna vibali vya kuokota kuni zilizokauka. Modeli nzuri inapaswa kujua tofauti kati ya tawi la ua na mti wa msituni. Modeli ya asilimia 92 haikujua.

Januari 2024 pigo kubwa zaidi likatua. Annelise Gill-Wiehl, Daniel Kammen na Barbara Haya wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha katika Nature Sustainability uchambuzi wa njia tano za kuhesabu krediti za majiko. Katika sampuli yao, tani zilizouzwa zilikuwa zaidi ya mara tisa ya zile walizokadiria kuwa zimepungua kweli. Sababu hazikuishia kwenye asilimia ya kuni. Miradi ilidhani watu wanatumia jiko jipya muda mwingi kuliko wanavyolitumia, na kwamba wameacha mafiga kabisa. Wenye miradi walipinga baadhi ya makadirio hayo, na mabishano yanaendelea. Ila kuna jambo moja katika utafiti huo ambalo halijapata nafasi ya kutosha kwenye magazeti: njia ya kuhesabu inayopima mafuta yenyewe kwa mita, kama inavyowezekana kwa gesi, umeme au ethanoli, ilizidisha kwa mara moja na nusu tu. Palipopimwa, uongo ulipungua. Palipoulizwa kwa dodoso, ulinona.

Kammen huyo si mgeni wa moshi wa Kenya. Mwaka 2001 yeye na Majid Ezzati walichapisha katika jarida la The Lancet uchunguzi walioufanya Laikipia, wakipima moshi ndani ya nyumba na kufuatilia maradhi ya kifua. Walionyesha jinsi maradhi ya njia ya hewa yanavyoongezeka kadiri mtu anavyovuta moshi mwingi. Inafaa kukumbuka, kwa sababu jiko linaweza kuwa limeuza tani za uongo na bado likawa limemwondolea mtoto kikohozi. Soko la kaboni halina safu ya kikohozi katika daftari lake.

Turudi kwenye mioto mitatu ya Amalemba, maana ndiyo inayoharibu hesabu. Sensa ya mwaka 2019 iliuliza kila nyumba nishati yake kuu ya kupikia. Kitaifa asilimia 55.1 walisema kuni, 23.9 gesi, 11.6 makaa na 7.8 mafuta ya taa. Ni takwimu safi, na wenye modeli huzipenda. Shida ni neno hilo "kuu". Nyumba inayopikia chai na mayai kwenye gesi na kila kitu kizito kwenye makaa itajiandikisha kuwa ya gesi, na kompyuta itaifutia makaa yote. Watafiti wa nishati wanalijua tatizo hili miaka mingi, na bado takwimu za aina hiyo ndizo zinazopatikana kwa bei rahisi.

Bei nazo huhamisha watu kutoka moto mmoja hadi mwingine, na Kenya imetoa mfano ambao mhadhiri wa uchumi hawezi kuutunga. Juni 2016 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani, VAT, kwenye gesi ya kupikia. Februari 2018 ikapiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, na bei ya makaa ikapanda. Septemba mwaka huo huo mafuta ya taa yakawekewa tozo ya shilingi 18 kwa lita ili kuzuia wachanganyaji wa dizeli. Ukizitazama hatua hizo tatu pamoja, ni kama kuna mtu aliyeketi na modeli akaamua kuwasukuma watu wa kipato cha chini waende kwenye gesi. Kisha Julai 2021 VAT ya asilimia 16 ikarudishwa kwenye gesi. Julai 2022 ikashushwa hadi asilimia 8. Julai 2023 ikaondolewa tena, na mwezi huo huo marufuku ya kukata miti ikafunguliwa.

Hakuna modeli iliyoketi na mtu. Hazina ilikuwa inatafuta mapato, mamlaka za petroli zinapambana na magendo, wizara ya mazingira inaokoa mito, kila mmoja na karatasi yake. Mwanauchumi anayetaka kujua bei ya gesi ikipanda kwa asilimia kumi ni wangapi watarudi kwenye makaa, hapati muda wa utulivu wa kupima, kwa kuwa bei ya makaa nayo imesogea na mafuta ya taa yamekimbia. Mwenye duka la gesi anajua jibu lake kwa wiki kadhaa za mauzo. Taifa hulijua baada ya miaka.

Utafiti mmoja wa Nairobi umesaidia kufungua kichwa cha mnunuzi. Susanna Berkouwer na Joshua Dean, katika makala iliyotoka mwaka 2022 katika American Economic Review, walifuatilia karibu nyumba elfu moja zinazotumia makaa na kuzipa nafasi ya kununua jiko bora la dola 40 hivi. Jiko lilipunguza matumizi ya makaa kwa asilimia 39, na likamwokolea mwenye nyumba karibu dola 120 kwa mwaka. Faida ya mara tatu ya mtaji ndani ya miezi kumi na miwili. Hakuna SACCO inayotoa gawio kama hilo. Modeli ya kawaida, inayodhani kila mtu hununua kinachomfaidi, ingesema majiko yataisha dukani jioni. Watu walikuwa tayari kulipa wastani wa dola 12.

Je, hawakujua faida? Walijua. Watafiti walipowapa mkopo wa miezi mitatu, kiasi walichokuwa tayari kulipa kilizidi mara mbili. Kilichokosekana ni shilingi elfu nne kwa mkupuo, jambo ambalo muuza makaa wa mkebe wa kila jioni amelijua tangu zamani, na ndiyo maana bado ana wateja.

Magharibi kidogo ya Kakamega, katika kaunti za Busia na Siaya, umeme ulitoa somo la aina hiyo. Kenneth Lee, Edward Miguel na Catherine Wolfram walifanya jaribio katika jamii 150 zilizo karibu na transfoma. Waliopewa umeme bure waliunganishwa karibu wote. Walioambiwa walipe shilingi 15,000 walikubali takriban robo. Kwa bei ya kawaida ya wakati huo, shilingi 35,000, waliokubali hawakuzidi asilimia moja au mbili. Nyaya zilipita juu ya mabati yao na nyumba zikabaki giza. Mipango ya usambazaji ilikuwa imedhani kwamba waya ukifika, mteja yupo.

Makosa ya namna hiyo yakikusanywa kitaifa hugeuka mabwawa, mitambo na madeni. Mpango wa umeme wa Kenya wa mwaka 2011 ulitabiri kwamba kufikia 2030 nchi itahitaji takriban megawati 15,000 saa za kilele. Septemba 2013 serikali ikazindua mkakati wa kuongeza megawati 5,000 ndani ya miezi 40, na ndani yake ukawemo mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Lamu. Modeli ilikuwa imechukua ndoto za mpango wa maendeleo wa Ruwaza ya 2030, reli, viwanda, vyuma vya kuyeyushwa, ikaziingiza kama ukweli. Mwaka 2025, miaka mitano kabla ya tarehe, kilele cha matumizi kilikuwa bado hakijafika megawati 2,500. Mtambo wa Lamu haukujengwa: tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal) lilifuta leseni yake, likitaja kasoro za tathmini ya mazingira na wananchi kutoshirikishwa ipasavyo. Kama ungejengwa, mteja wa stima wa Amalemba angekuwa analipia uwezo wa mtambo usiohitajika, kwa kuwa mikataba ya wazalishaji binafsi hudai malipo hata umeme usipochukuliwa, na gridi ambayo leo karibu asilimia 90 ya umeme wake hutoka kwenye mvuke, maji, upepo na jua ingechafuka kwa ajili ya utabiri.

Kosa hilo hilo, likigeuzwa upande, huwa msaada kwa serikali. Desemba 2020 Kenya iliahidi kupunguza gesi joto kwa asilimia 32 kufikia 2030. Asilimia 32 ya nini? Ya tani milioni 143, kiasi ambacho modeli ilisema kingefikiwa mambo yakiachwa yalivyo. Toa asilimia 32 na unabaki na tani milioni 97 hivi. Mwaka 2015, kwa hesabu ya serikali yenyewe, nchi ilitoa tani milioni 93.7. Kwa hiyo nchi inaweza kutimiza ahadi ya kupunguza huku ikitoa zaidi kuliko mwaka 2015. Hilo si ulaghai. Kenya inachangia sehemu ndogo sana ya gesi za dunia, na hakuna sababu ya kuizuia isikue. Lakini uchumi ukiwa umekua polepole kuliko modeli ilivyodhani, sehemu ya ahadi inatimia bila mtu kufanya lolote, na waziri anaweza kusimama jukwaani kuipokea sifa. Bei iliyotajwa kwa ahadi hiyo pamoja na kujikinga na athari ni dola bilioni 62, Kenya ikisema itabeba asilimia 13. Mfadhili anayeombwa zilizobaki atarudi kwenye namba 143 na kuichunguza kwa darubini.

Na ndani ya tani hizo, viwanda na magari si wakubwa wa nyumba. Kilimo huchukua karibu asilimia 40 na matumizi ya ardhi na misitu asilimia 38. Ng'ombe wa Lurambi na mti wa Shinyalu vina uzito zaidi kuliko bomba la moshi, na ndivyo vitu viwili ambavyo modeli hukadiria kwa mashaka makubwa.

Modeli za kimataifa hazina unyenyekevu zaidi. William Nordhaus wa Chuo Kikuu cha Yale, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2018, aliunganisha uchumi na hali ya hewa katika modeli yake iitwayo DICE na kuuliza: tani moja ya hewa ya ukaa inaidhuru dunia kwa dola ngapi? Jibu linategemea kitu kinachofanana na riba. Hasara ya shilingi milioni moja itakayotokea miaka 100 ijayo, ukiipunguza kwa asilimia 5 kila mwaka, leo ina thamani ya shilingi 7,600 hivi. Ukiipunguza kwa asilimia 2, inakuwa karibu 138,000. Mjadala huo ndio uliomgonganisha Nordhaus na Mwingereza Nicholas Stern mwaka 2006. Mwishoni mwa 2023 shirika la mazingira la Marekani, EPA, liliweka madhara ya tani moja kuwa dola 190. Utawala wa kwanza wa Donald Trump ulikuwa umeshuka hadi dola chache tu, kwa kuhesabu hasara ya Marekani peke yake na kupandisha riba. Anga ni lile lile.

Tukiacha makubwa hayo, kaunti ya Kakamega ina kaburi lake la modeli, magharibi mwa mji, kule Mumias. Kampuni ya sukari ya Mumias ilijenga mtambo wa megawati 35 wa kuchoma makapi ya miwa, ukaanza kazi mwaka 2009 na kuiuzia Kenya Power megawati 26. Mwaka 2008 mradi huo ulikuwa umesajiliwa chini ya utaratibu wa Kyoto, miongoni mwa ya kwanza kabisa nchini, na kampuni ya Japan Carbon Finance ikawa mnunuzi wa krediti zake. Nyaraka zilikadiria karibu tani 130,000 za hewa ya ukaa kuepushwa kila mwaka kwa miaka kumi.

Kwenye karatasi ulikuwa mradi mzuri, na hata sasa wazo lake ni zuri: makapi yapo, moto upo, umeme wa dizeli unapungua. Modeli ilijua kiasi cha joto kinachotolewa na makapi na ufanisi wa turbini. Haikujua madeni, miwa iliyoibwa shambani usiku na kupelekwa viwanda jirani, wakulima waliokaa miezi bila malipo na kung'oa miwa wakapanda mahindi. Miwa ilipokosekana, makapi yakakosekana, na tani zikakosekana. Kiwanda kilisimama, na Septemba 2019 benki ya KCB ikakiweka chini ya meneja mrasimu. Ukitafuta katika modeli nyingi za nishati mstari wa "mkulima hajalipwa", huupati.

Serikali imeanza kuweka sheria. Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2023 na kanuni za soko la kaboni za 2024 zimeleta sajili ya taifa ya kaboni na kuipa mamlaka ya taifa ya mazingira, NEMA, kazi ya kuidhinisha miradi. Sheria inataka miradi ya ardhi iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, na ile isiyo ya ardhi asilimia 25. Wanasiasa wameshika asilimia hizo na kuzinadi mikutanoni, wakati swali la asilimia ya nini limeachwa kwa washauri.

Fanya hesabu ya kikundi cha nyumba elfu moja zenye jiko kama lile la mfano wetu. Tuseme tani inauzwa dola 10, dola ni shilingi 129, mradi unafuata kiwango cha asilimia 25, na tuache gharama za uendeshaji kando. Kwa kipimo cha kuni cha asilimia 92, fungu la jamii ni karibu shilingi 620,000 kwa mwaka. Kwa kipimo cha asilimia 30 ni shilingi 203,000 hivi. Ikibainika kwamba majiko yanatumika nusu ya muda tu, linashuka hadi laki moja, yaani shilingi mia moja na ushee kwa kila mama, na hapo mizani ya kupimia kuni jikoni kwa jikoni bado haijanunuliwa.